Laurentine na Dagaa Kwenye Mto wa Dubu

Kabla ya kupanda ndege ya viti vinne, Laurentine alipimwa uzito pamoja na mzigo wake. Ana miaka hamsini na tisa, anauguza wazee mjini Buffalo, mtaa wa Riverside, na hakuwa amemwona mwanawe Aganze kwa miaka mitatu.

Walikosana pale Aganze alipoacha masomo ya uuguzi akaenda kupima maji ya mto mmoja wa hifadhi, kaskazini kabisa mwa Alaska, kusikofika barabara. "Mto si kazi," mama yake alimwambia. Ndugu wanaoishi miji ya Louisville na Columbus walipouliza, alijibu kwamba kijana yuko hospitali. Aganze alikuja kuyasikia hayo, akaacha kupiga simu. Safari hii Laurentine ndiye aliyeiomba.

Ndege ilitua kwenye kokoto za ukingoni mwa mto. Aganze alimsalimu kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni. Kisha akanusa.

"Mama, umebeba nini?"

Ndani ya kitenge kulikuwa na nusu kilo ya dagaa wa Uvira, mji wa kwao, ambako huitwa ndagala. Kwao mama haendi kwa mtoto mikono mitupu.

"Ndagala! Mama, huku kuna dubu. Chakula kinakaa ndani ya pipa la kufunga, na pipa limejaa. Zitarudi na ndege."

"Na miye nirudi nazo?"

Aganze alimgeukia rubani. Rubani alisema anaweza kungoja saa moja.

"Bon, haya," Aganze akasema. "Tuzikule zote sasa."

Walizikaanga kwa kitunguu kimoja. Rubani aliomba sahani ya pili. Aganze alikula mpaka vichwa.

"Weye ulikuwa unavitupa vichwa," Laurentine alimwambia.

"Nilikuwa mtoto."

"Na sasa ni mzee, na ndevu tatu!"

Aganze alicheka kwa mara ya kwanza.

Ndege iliondoka na sufuria pamoja na kile kitenge kilichonuka, dubu wasifuate harufu. Aganze alichukua chupa zake, akaelekea majini. Mama yake akavua viatu.

"Mama, hii baridi itakuua."

"Sikukuja kuona milima. Nionyeshe kazi."

Aganze alimpa chupa. "Mdomo uelekee maji yanakotoka. Polepole."

Laurentine aliizamisha, meno ameyauma.

"Ndugu wa Columbus wakiniuliza, nitasema unapima mto. Watacheka. Donc, basi, nielezee, niwajibu vizuri."

Aganze akaanza na theluji inayoyeyuka, akaenda kwa samaki, akaenda kwa watu wanaowavua huko chini. Maelezo yalikuwa marefu. Miguu ya Laurentine ilikufa ganzi, lakini hakumkatiza.