Betri Moja, Jumbe Mbili

Shida ilinianza mwaka wa 1979, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alifariki, nikaacha darasa la nne, nikaenda kuponda mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Osiri. Kusoma sikusoma. Lakini nyinyi vijana wenye simu mfukoni mjue kazi ya data tuliifanya kabla yenu, na mimi nilikuwepo.

Siku yangu ya kwanza katika kazi hiyo, miaka ya tisini, nilipanda kilima juu ya Magunga na betri ya lori begani. Mradi wa afya ulikuwa na kompyuta Migori na nyingine Homa Bay. Milima ilizuia mawimbi, kwa hivyo pale juu palikuwa na mlingoti na mashine ya kupokezana: inapokea ujumbe wa huku, inautuma kule. Nilianza kama mlinzi, nikaishia kuiendesha.

Kutuma ndiko kulikokula betri, tuliyoichaji kwa jua. Siku moja Injinia, mama kutoka Kisumu, akaja na programu mpya.

"Okoth, Migori akituma saba na Homa Bay akituma tano, sisi tunatuma mara ngapi?"

"Mara mbili, madam."

"Hapana. Tunajumlisha, tunatuma kumi na mbili mara moja, wote wasikie. Migori akitoa saba yake, anabaki na nini?"

"Tano. Ya Homa Bay!"

Nilicheka kama mtu aliyeokota dhahabu. Hewa ile ile, betri ile ile, kazi maradufu.

Tulipojaribu, ikakataa. Chacha, mwendeshaji wa Migori, akaniita kwa redio ya sauti: "Omera, ndugu yangu, mnanitumia ugali umekorogwa na uji. Sisomi kitu." Kumbe diski zetu zilikuwa ndogo, na desturi ya wote ilikuwa ukishatuma, unafuta. Sasa atoe saba gani na ameshaifuta?

Mratibu, mkubwa wetu kule Homa Bay, akasema, "Hesabu hiyo iwekeni kando. Tumeni kama zamani."

Kisha ikaja mvua isiyokatika, na kipindupindu nyuma yake. Migori walikuwa na lori la dripu, maji ya kuwatundikia wagonjwa. Walitaka kujua fuo za ziwa zenye wagonjwa. Homa Bay walitaka kujua madaraja yaliyobebwa na maji, wapeleke mashua kupokea dripu pale lori lisipopita. Jua la kuchaji hakuna, barabara ya kilimani ni tope. Betri ilibaki na nguvu ya kutuma mara moja tu, na maneno machache ya redio ya sauti.

"Tuma yetu," Mratibu akaamuru. "Migori wangoje."

"Mkubwa, nikituma moja, nyingine inafia hapa. Niruhusu nichanganye."

Akauliza, "Na Chacha akifuta?"

Nikamwita Chacha, akajibu, "Mwambie mkubwa yangu nimeikalia kama kuku na mayai."

"Haya," Mratibu akasema. "Na sisi yetu hatufuti. Changanya."

Nilibonyeza. Taa ikawaka, ikafifia, ikazima, na redio nayo. Sikujua kama kuna aliyesoma.

Asubuhi nikaliona lori kule chini. Likafika njia panda ya daraja lililobebwa, likakata kona bila hata kusimama, likashuka ziwani. Mashua za Homa Bay zilikuwa zinalingoja: wote wawili walikuwa wamesoma. Nilipiga kelele mpaka ngedere wakakimbia.

Sasa nimestaafu. Nina nyumba ya matofali, ng'ombe wanne, shamba la mtama, na kibanda cha kuchaji simu Magunga. Na betri ile. Imekufa kabisa, na siiuzi.