Kalasinga Hana Kaburi, Aliniachia Ndege

Admini, ficha jina langu. Huku Kisian watanijua tu, lakini wacha wabahatishe kwanza.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na nne. Shule niliacha darasa la nne, na mwalimu akamshukuru Mungu. Maisha yangu yote nimeunda boti za wavuvi. Mke ninaye, sijui ananivumilia kwa nini. Ninyi vijana mnaandika hapa habari za wapenzi waliowatoroka. Mimi namlilia mwanaume mwenye ndevu na kilemba, kwa hivyo chekeni, mkimaliza tuendelee.

Alikuwa fundi wa injini huko mjini Kisumu. Nilimwita Kalasinga, yeye akaniita Jaluo, na hakuna aliyekasirika. Mimi naunda boti, yeye anafunga injini, halafu boti ikienda upande tunagombana kosa ni la nani. Tulizeeka hivyo.

Sasa, marehemu baba yangu alipigana Burma, kwenye vita vya pili vya dunia. Alirudi akasema huko aliona ndege ya Mjapani imekaa juu ya maji kama bata. Kijiji kizima kilimcheka. Hata siku ya kumzika, kuna mtu alisimama akasema tumepoteza muongo mzuri. Siku moja nikamsimulia Kalasinga, nikijua atacheka pia. Hakucheka. Baadaye akaja na kitabu chenye picha: ndege ya vita, duara jekundu ubavuni, na chini ya tumbo imefungwa kitu kama mtumbwi.

"Jaluo, baba yako hakuwa muongo," akasema. "Muongo kwenu ni wewe peke yako."

Niliangalia ile picha mpaka chai ikapoa. Yeye akasema, "Basi tuitengeneze."

Kijana wake anaishi Kanada. Akatuletea sanduku la vipande vya plastiki vya kuunganisha, vingine vidogo kama ukucha wa mtoto. Shida ni kwamba ndege ya sandukuni ilikuwa ya magurudumu. Kalasinga akasema hata Mjapani mwenyewe alianza hivyo, alichukua ndege ya magurudumu akaivalisha maboya. Basi magurudumu tukayatupa, maboya nikachonga mimi kwa mbao ya mvule iliyobaki kwa boti: moja kubwa la chini ya tumbo, mawili madogo ya kwenye ncha za mabawa. Yeye alisoma maagizo kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mimi nilikata na kubandika, kwa sababu kusoma ndiko kunanitetemesha.

Ilipoanza kufanana na ndege nikaitia kwenye beseni la mke wangu. Ikainamisha pua kama ng'ombe anakunywa maji. Nikatoboa boya kwa nyuma, nikaweka vipande vya risasi, vile vizito vya kuzamishia nyavu, nikaziba.

"Wewe mjinga," Kalasinga akasema. "Hii ni ya kukaa kabatini. Kabatini kuna mawimbi?"

"Mimi siundi kitu cha kuzama."

Mke wangu akasimama mlangoni. "Mkimaliza kuogesha mtoto wenu, nirudishieni beseni."

Halafu figo za Kalasinga zikakataa kazi. Nilimpelekea ndege kitandani kabla ya kuipaka rangi. Akapitisha kidole kwenye boya, taratibu, kama mtu anatafuta ufa.

"Inaelea?"

"Inaelea."

"Basi siku watakayonipeleka ziwani, iweke majini iende na mimi."

"Si ulisema ni ya kabatini?"

"Kabati watauza, Jaluo."

Nikamwambia sawa.

Akaenda. Kwetu mtu anazikwa nyumbani, unajua amelala wapi, unaweza kwenda kung'oa majani na kumsengenya kidogo. Watu wake walimchoma kwa heshima, ndiyo desturi yao, na majivu kijana wake akayapeleka ziwani. Tulienda na boti niliyoiunda mimi. Katikati ya maji akaniuliza, "Uncle, ndege iko wapi?"

Nikasema rangi haijakauka.

Ilikuwa imekauka. Ndege ilikuwa nyumbani kwangu mezani, imefunikwa kitambaa. Yale majivu yakatanda juu ya maji kama unga, wimbi likapita, magugu yakapita, na sikuona tena mahali pa kunyooshea kidole.

Tangu hapo kila asubuhi nafunua kitambaa. "Umeamkaje, mwizi wa spana," namwambia. Namweleza bei ya petroli na nani amekufa. Kijana akipiga simu ya video anauliza, "Uncle, imekauka?" Nasema bado kidogo, mvua imezidi. Na jua lenyewe linapasua ardhi nyuma yangu, analiona.

Juzi mke wangu akanikalia mbele. "Baba, ulimkubalia mtu anayekufa. Unajua hilo si jambo la mchezo."

"Najua."

"Na si wewe pekee unayemsalimia. Ukienda kuoga namsalimia pia. Lakini mpeleke."

Mwezi ujao kijana anakuja kwa ukumbusho wa baba yake. Amesema tutaingia tena ziwani, twende na ndege.

Mtaniambia nichonge nyingine. Naweza. Lakini hii bawa lake la kushoto lina alama ya dole gumba la Kalasinga kwenye gundi. Alibonyeza kabla haijashika, nikamtukana siku nzima. Nyingine nitaitolea wapi dole gumba hilo? Na nilivyoiunda, haitazama hapo tukiiona. Itaelea tu, iende.

Nishaurini, ninyi wenye vichwa vizuri. Nikiiweka majini nimetimiza neno. Lakini kesho yake asubuhi nikiamka, nitaenda kumtukania wapi?