Vyakula Vyepesi vya Wifi

Kila sikukuu wifi hufika mapema na sanduku lake la magurudumu, akaweka kiti mlangoni mwa jiko na kuanza kupika kwa mdomo. Mwaka huu pia.

"Tusijichoshe, wifi yangu. Vyakula vyepesi tu. Kuku wa kuchoma, kuku wa mchuzi, samaki, viazi vya kukaanga, na keki ya tabaka mbili. Nimewaalika na wenzangu wa ofisini."

Mwenye nyumba, dada wa mumewe na fundi cherehani, aliendelea kuchambua mchele. Tangu mwanamke huyu aolewe na mdogo wake, hajawahi kumwona akimenya hata kitunguu. Kucha hizo zingefika wapi? Na mdogo mtu, mwanamume mzima aliyelelewa na dada yake hadi akaota ndevu, alikuwa pale pale akiitikia kwa kichwa kama mjusi.

"Vyepesi," fundi akasema. "Nimekusikia."

Siku yenyewe wageni walijaa sebuleni, wakasogea hadi kwenye cherehani. Fundi akaandaa wali, maharage mazito ya nazi, mchicha, na tikiti maji lililopoa vizuri. Basi.

Wifi akamvuta kando. "Unaniaibisha! Kuku wako wapi?"

"Sokoni, nadhani. Wewe uliwaalika wenzako. Mikono unayo, jiko lile pale."

Wifi akaingia jikoni kwa kishindo. Akabandika mafuta, yalipochemka akamwaga ndani viazi na maji yake yote. Yakaruka, akapiga yowe, moshi ukatanda hadi sebuleni. Fundi akazima jiko, akamtazama kiganja. Hakuna kilichoungua ila maringo. Fundi akasonya.

Sebuleni wageni walikuwa wakipitishiana bakuli la maharage. Mama mzee wa fundi na mdogo wake akauliza kwa sauti, "Nani anachoma nguo?" Watu wakacheka. Mdogo mtu alisikia yote, yowe la mkewe na kicheko cha mama yake. Akainuka, akasema anakwenda kuangalia tairi la gari.

Hapo ndipo fundi alipoona kinyaa hasa. Wifi alikuwa mjinga, lakini angalau alishika mwiko. Huyu wa kwake, damu yake, alijificha nyuma ya tairi zima hadi wageni wa mwisho walipoaga.

Jioni, mkewe akiwa amekwisha kukaa garini na uso umevimba kwa hasira, mdogo mtu alirudi jikoni kwa kunyata.

"Dada, maharage yamebaki? Nifungie kidogo."

"Osha sufuria kwanza."

Akacheka, akidhani ni utani. Dada hakucheka. Mdogo mtu akakunja mikono ya shati, akasugua huku akirusha maji sakafuni, na masizi yote akayaacha kwenye kitako cha sufuria. Fundi akamfungia maharage, akamfungulia mlango. Gari lilipotoka, alichukua sufuria ile akaisugua upya.