Matumbo Kwenye Beseni la Kuogea

Harufu ya matumbo ya mbuzi kabla hayajaiva hunirudisha mji wa Cedar Hill, kule ughaibuni tulikohamia, majira ya kuchipua nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Kama hujawahi kuyaosha, nikueleze taratibu: unayageuza ndani nje, unakwangua ule ukijani unaoteleza, unamwaga maji, unaanza tena. Kucha hunuka siku tatu.

Jumamosi moja tulikuwa tukijiandaa kwa ubatizo wa mdogo wangu Chiri, mwenye miaka miwili. Baba alikuwa amenunua mbuzi kwa mkulima, akayaacha matumbo yakilowa bafuni, kwenye beseni la kuogea, akaenda kutafuta mkaa.

King'ora cha mtaa cha kutahadharisha kimbunga kikalia. Tulikuwa tumekizoea, kila mwezi hujaribiwa Jumatano, nasi huendelea na shughuli zetu. Lakini hii ilikuwa Jumamosi, na mbingu ilikuwa na rangi ya usaha.

Shuleni tulifundishwa: kimbunga kikija, kimbilia chumba kisicho na dirisha, ingia kwenye beseni, jifunike. Chumba chetu kisicho na dirisha kilikuwa hicho chenye matumbo.

Mama alizibua shimo la maji, utumbo ukaliziba palepale. Akaingia hivyohivyo na viatu vyake, Chiri mikononi.

"Shiko, ingia!"

"Mum, no! That's so gross! Kuna mavi!"

"Na wewe ulidhani ulizaliwa kwenye maua? Ingia!"

Nikabaki kwenye korido, chini ya dirisha, nimeziba pua. Kipande cha utumbo kilikuwa kimejiviringisha kwenye mguu wa Chiri. Nyumba ikaanza kutetemeka, masikio yakaziba. Mama akatoka, akanikamata kwa nywele alizonisuka mwenyewe, akanitupa ndani kifudifudi. Dirisha likapasuka nyuma yetu. Nikatapika humohumo, nikalala juu ya matapishi yangu.

Kimbunga kilipita mtaa wa pili. Sisi tulipoteza dirisha na uzio.

Kwa miaka nimekisimulia kisa hiki kwenye karamu, watu wakicheka hadi machozi. Usijilaumu ukicheka, hata mimi hucheka. Mama pekee huinuka akakusanya sahani. Nilidhani anayaonea aibu matumbo yale ya mbuzi.

Mwaka huu, nikisimulia tena, nikajisikia nikisema: Mama akatoka. Chiri alibaki na nani? Alimwacha mtoto wa miaka miwili peke yake ndani ya maji yale machafu yaliyokataa kwenda, akaja kunifuata mimi, niliyekuwa na miguu mizima, nimesimama nimeziba pua.