Milango Miwili ya Celine

Watu wa Kiptere walimsema Celine vibaya, na mimi jirani yake nimechoka kuwasikia. Walisema alimtengenezea mumewe njia ya kaburini kwa misumari na randa. Wengine walisema hivyo wakitoka kunywa chai nyumbani kwake, midomo bado ina sukari. Mimi nilishuhudia mambo haya kutoka upande wangu wa ua, na yale ambayo sikuyaona niliyasikia, kwa sababu kati ya jiko langu na lake kuna michongoma tu. Basi nitasema mimi, Nyakerario, na asiyependa azibe masikio.

Celine alitoka upande wa ziwa akiwa ameolewa juzijuzi. Alipewa kikapu cha kuchumia majani chai kabla hajajua hata njia ya kwenda mtoni. Mumewe, Otiende, alifanya kazi kiwandani, upande wa boila, akilisha moto kuni mchana kutwa. Alikuwa pande la mtu. Akisimama mlangoni kwako nyumba inaingia giza. Sisi tulitoka Kisii, tukapewa chumba katika leini zilezile, nyumba za safu za kampuni ya chai, ukuta kwa ukuta na wao. Mashine za kuchuma zilipoanza kututoa kazini, familia zetu zilinunua vipande vya shamba vilivyopakana, hapa juu ya bonde, na tukahama pamoja.

Otiende alijenga nyumba yake polepole, kwa mkono wake, na ilipokaribia kwisha mtoto wao Vinny akaleta mlango kutoka Nairobi. Mlango wa kioo, wa kusukuma kando. Slaidi. Ulikuja juu ya lori umefungwa katikati ya magodoro. Waliuweka upande wa veranda, unakotazama mashamba ya chai mpaka ng'ambo ya mto, na kila mgeni aliyefika alipelekwa kuusukuma. Hata mimi niliusukuma, na nilijisikia kama mke wa meneja.

Lakini mlango wa Nairobi haukuijua Kericho. Udongo wetu mwekundu uliingia kwenye reli yake ukakauka humo kama saruji. Mvua ya mawe ikachubua kioo kikawa na ukungu. Vigurudumu vya chini vikalika. Mwishowe ulifunguka kiasi cha mtu kupita kiubavu, tena baada ya kuusukuma kwa bega, na Celine akawa anautumia kuanika nguo za ndani siku za mvua.

Hilo lilikuwa jambo la kuchekwa tu, mpaka asubuhi ile Otiende alipoanguka bafuni. Ilikuwa stroki. Upande wake wa kulia ukafa, mkono na mguu, na mdomo ukapinda kidogo. Kanisa lilimpa kiti cha magurudumu, kikubwa kama yeye mwenyewe. Sasa angalia taabu. Mlango wa mbele una ngazi zinazoshuka hadi kwenye matope. Veranda ndiyo iliyo tambarare, lakini kiti kilipofikishwa kwenye slaidi kiligonga fremu huku na huku, na magurudumu ya mbele yakakwama kwenye reli.

Jumapili moja vijana wa kwaya walikuja kumtembelea. Wakaona wamsaidie, wambebe mpaka nje aote jua. Walimshika miguu na makwapa, wakamshusha kwenye ngazi wakicheka na kulalamika kwamba mzee ni gunia la majani mabichi. Hawakuwa na ubaya. Suruali yake ikashuka, na wamama wa kanisa walikuwa wamesimama pale uani. Otiende, aliyekuwa akisukuma magogo boilani kwa kifua, alilia kwa sauti mbele ya wote. Walipomrudisha kitandani alimwita mkewe.

"Celine," alisema, maneno yakimtoka kwa shida, "mimi nitabebwa siku moja tu. Na hiyo siku sitakuwa naona."

Kutoka hapo alikataa kubebwa. Alilala chumbani, au akakaa kwenye kiti sebuleni akitazama kile kioo kilichopofuka. Nje kulikuwa na kiangazi kizuri, jua la Desemba, majani yaking'aa, na yeye aliona weupe tu. Celine alikonda kuliko mgonjwa. Siku moja alikuja kwangu, akasimama jikoni bila kuketi, akaniambia: "Mama Metrine, bwana yangu atatoka nje. Atatoka kama amekaa, kwa kiti yake, akiona watu. Hata kama itabidi nibomoe hii nyumba."

Nilimwitia Mogaka, fundi wa kwetu mwenye karakana hapo sokoni. Alipima, akakuna kichwa, akasema slaidi itolewe yote pamoja na reli, sakafu isawazishwe, kisha iwekwe milango miwili ya mbao ya kufunguka, mmoja kushoto na mmoja kulia, yenye vioo katikati. Aliiita french. Wafaransa wanahusikaje na Kiptere sijui, lakini alipoichora kwa chaki sakafuni hata mimi niliona kiti kikipita bila kugusa popote.

Ndipo akaja Owiti, mdogo wake Otiende, kutoka nyumbani kwao ziwani. Alikaa kwenye kochi, kofia juu ya goti, akaitazama ile michoro ya chaki.

"Mama Vinny, hii nyumba ni ya nani?"

"Ni ya ndugu yako, shemeji."

"Sasa ni nani amesema itolewe mlango? Kwetu unajua vizuri. Bwana akiwa hai, bibi hatoi mlango yake. Unataka kutuletea chira?"

Chira ni ile laana ambayo watu wao husema humfuata mtu na watoto wake mwiko ukivunjwa, ikawakausha mmoja mmoja. Kisha Owiti akasema lile neno ambalo baadaye lilizunguka soko zima. "Na mlango pana hivi, shemeji, inapitisha nini? Sisi si watoto. Mtu haanzi kupimia jeneza njia kama mgonjwa bado anakula."

Nilitamani kumtupia chupa ya chai. Lakini Celine aliinamisha kichwa. Yeye ni mtoto wa watu hao, na Vinny ni mtoto wake wa pekee, na chira si mzaha kwa mama mwenye mtoto mmoja. Owiti aliahidi kwenda kuwauliza wazee na kurudi na jibu. Mogaka akaambiwa angoje. Kila aliyepita alijua sasa kwamba Celine anataka mlango wa jeneza, na kwenye jumuiya yetu wamama walianza kumwombea kwa ile sauti ya kumsengenya mtu mbele ya Mungu.

Desemba ikaisha. Januari ikaisha. Jua liliwaka kila siku juu ya ile veranda tupu, na Owiti hakurudi. Akipigiwa simu anasema wazee wako matangani. Februari nayo ikaenda hivyo hivyo, na mimi nasema wazi, miezi ile iliibwa.

Celine ndiye aliyejinasua mwenyewe. Alikuwa akimlisha mumewe uji alipokumbuka kwamba siku ya kuanza nyumba, Otiende ndiye aliyepiga vigingi vya kwanza ardhini, kwa sababu kwao mwenye nyumba ndiye huanza. Akaweka kikombe chini. Kama ni hivyo, basi na mlango auanze kuutoa yeye. Alimwita Mogaka na nyundo, akanipungia mkono juu ya ua nije niwe shahidi.

Tulimsukuma Otiende mpaka kwenye slaidi. Celine akaiweka nyundo katika mkono wake wa kushoto, ule mzima, akamfunga vidole juu ya mpini.

"Baba Vinny, hii mlango ni yako. Unataka itoke?"

Otiende alivuta mkono nyuma akapiga. Alikusudia fremu, akakosa, nyundo ikaingia katikati ya kioo cha Vinny na chote kikashuka chini kama mvua ya mawe. Hewa baridi ya bonde ikaingia. Na Otiende akacheka, kicheko kilichopinda, mate yakimtoka, na sisi tukacheka naye huku tukimwondolea vigae kwenye mapaja. Sijawahi kumpenda mtu asiye wa ukoo wangu kama nilivyompenda saa ile.

Tatizo likawa mbao. Mogaka alikuwa na saiprasi iliyopasuliwa karibuni tu, kwa sababu zile kavu alizotengea kazi hii aliziuza kule kungoja kulipozidi.

"Mama, hizi mbao bado iko na maji," alisema. "Zikae kwanza. Nikifunga saa hii, mvua ikikuja itafura na itakataa."

"Otiende hana hiyo wakati, fundi. Funga."

Kila mtu hapa anajua saiprasi mbichi na mvua ya Kericho haviwekwi pamoja. Celine alijua. Mogaka alijua. Na alifunga. Siku alipomaliza, milango ilifunguka kwa kidole, yote miwili, ikalala ukutani kushoto na kulia, na sakafu ilikuwa sawa kutoka kochi hadi ukingo wa veranda.

Celine alimvisha mumewe koti la kanisani. Alikisukuma kiti peke yake, hakutaka mkono wa mtu. Magurudumu yalipita pale palipokuwa na reli bila hata kutikisika. Otiende alikaa nje alasiri nzima. Aliwatazama wachumaji ng'ambo ya mto, akasikia king'ora cha kiwanda cha kubadilisha shifti, akaniuliza ni nani aliyepanda mahindi karibu na maji hivyo. Jirani yetu Chepkosgei alipita barabarani na ng'ombe wake, akamsalimia kama anavyomsalimia mwanaume aliyekaa kwake, na Otiende akainua mkono wa kushoto. Mawingu yalipoanza kupanda kutoka upande wa msitu, Celine alitaka kumrudisha ndani. Akakataa mpaka tone la kwanza lilipomgusa.

Mvua ile haikukatika. Ilinyesha hivi kwamba hata nguo kabatini zilishika ukungu. Mbao zilifura, milango ikabanana katikati, na Celine alipoivuta ilikuwa kama kuvuta ukuta. Mogaka alikuja akapiga randa, ikafunguka nusu siku, ikanyeshewa, ikafura tena. Akasema akiendelea kuikwangua, kiangazi kikija itabaki na mwanya wa kupitisha paka. Celine aliipiga teke. Nilimsikia kutoka kwangu akiipiga teke na kuitukana kwa Kijaluo. Halafu nikamsikia Otiende akisema kitu kwa sauti ya chini, labda akimtuliza.

Kufikia Agosti Otiende alipatwa na kifua. Alipona nusu. Kisha mgongo ukakataa kukaa, akiwekwa kwenye kiti anaporomoka. Jua la Desemba liliporudi milango ikakauka, ikawa inafunguka kwa kidole kama siku ya kwanza, na hapakuwa na mtu wa kupita. Celine aliifungua hata hivyo kila asubuhi, hewa imfikie kitandani. Otiende alikufa Januari, saa za chai ya saa nne, mimi nikiwa nimemshika mguu.

Ilipangwa azikwe kwao ziwani, lakini kwanza gari la kutoka mochari lilimleta hapa, Kiptere ipate kumwombea. Dereva alirudi kinyumenyume hadi ukingo wa veranda, mahali tambarare. Vijana wa kwaya, walewale, wakalishika jeneza, na Owiti akatangulia kwenye milango ile miwili. Ilikuwa imefungwa. Celine alikuwa amesimama mbele ya milango kwa nguo nyeusi, mkono umefumbata ufunguo.

"Fungua, Mama Vinny," Owiti alisema. "Si ndio kazi yake?"

Ua wote ulikuwa umejaa watu na wote walisikia. Kuna waliotazama chini. Kuna walioitikia kwa kichwa kwa kuridhika, nawajua kwa majina.

"Zungukeni," Celine alisema. "Mpitie kwa ngazi."

"Kwa ngazi jeneza haitatosha, shemeji. Itabidi ilazwe upande."

"Basi muilaze." Hakupandisha sauti. "Aliniambia atabebwa siku moja, na hiyo siku hatakuwa anaona. Ni leo. Mbebeni. Lakini hapa alipita kama amekaa, anaona. Maiti haipiti hapa."

Vinny, aliyefika asubuhi ile, alitaka kusema kitu. Nilimshika mkono nikamfinya.

Wakazunguka. Zile ngazi ni nyembamba na zina kona, na kwenye kona walilazimika kulisimamisha jeneza nusu. Otiende aliteleza ndani yake na kugonga ubao upande wa miguu. Tulisikia sote. Celine alifumba macho, akaning'ang'ania bega mpaka kucha zikaingia, lakini mkono wa ufunguo haukufunguka. Sitasema haikuwa vibaya. Ilikuwa vibaya sana, nami nililia kwa sauti kubwa kuliko niliyokusudia.

Maombi yalipoisha, watu wakitoka nje, nilimkuta Owiti amesimama peke yake sebuleni, upande wa ndani wa ile milango. Aligusa bawaba moja, kisha nyingine.

"Mama Metrine," aliniuliza, "alipita hapa kweli?"

"Alipita."

"Mara ngapi?"

Ningeweza kumhurumia. Ndugu yake alikuwa amelala hatua chache kutoka pale. "Mara moja," nikamwambia. "Kile kiangazi ulichosema tukungojee, angepita kila siku."

Alibaki ameishika ile bawaba. Kisha vijana walimwita aje ashike upande wa kichwa wa jeneza, akavaa kofia yake, akaenda kumbeba ndugu yake kwenye ngazi.