Kompyuta Zilizofaulu Kegonga Zikaanguka Homa Bay

Saa saba mchana. Maabara ya kompyuta ya shule moja ya wasichana mjini Homa Bay ina joto la kukausha dagaa wa omena. Kezia Maroa anafunga madirisha yote.

"Madam, unataka kutupika?" anauliza Mwalimu Boaz, msimamizi wa maabara, akijipepea kwa faili.

"Napika kompyuta, mwalimu. Wewe umekaa tu karibu na jiko."

Kezia, fundi wa miaka 34 kutoka Kegonga, hupima bodi kuu za kompyuta zilizotumika kabla hazijauzwa. Kwenye kila bodi anapandisha kasi ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, halafu anapunguza muda ambao RAM husubiri kabla ya kujibu. Mashine ikikosea, mstari mwekundu unatokea kwenye skrini, naye anarudi nyuma hatua moja. Kila mashine humpa shilingi mia sita.

Mwaka jana kompyuta za shule hii alizipimia nyumbani, kwenye baridi ya Kegonga. Zote ishirini zikafaulu kwa kasi ya 3200. Zilipoletwa huku ziwani, saba zikaganda katikati ya mtihani wa majaribio.

"Kuna msichana alilia mpaka nikatoka nje," anasema polepole. "Kazi yake ya saa mbili ilipotea hivyo tu. Mimi nilikuwa najigamba na kasi, kumbe nilipima hewa ya kwetu."

Shule imempa nafasi ya mwisho. Mtihani wa kitaifa uko wiki ijayo. Mstari mwekundu mmoja leo, na kazi hii anapewa fundi mwingine. Ameshusha kasi hadi 2666 na kuiongezea RAM muda wa kusubiri.

Boaz anajaribu moja. "Aii, hii imezeeka! Ile ya kwanza ilikuwa inaruka."

"Iliruka ikaangukia wapi?"

Mwalimu anacheka.

Inagonga saa kumi. Skrini ishirini, hakuna wekundu popote. Boaz anainuka, anafungua madirisha mwenyewe.

"Wiki ijayo uje," anasema. "Uwe hapa wasichana wakifanya."

Kezia anafuta jasho. Sasa anatafuta chumba cha kupimia hapa hapa mjini.

"Jana mama mwenye nyumba alinionyesha kimoja chenye dari, eti kina ubaridi. Nikamwambia, mama, nipe kile wapangaji wamekimbia joto."