Baiskeli ya Shangazi na Mwamba wa Dagaa

Mwaka jana nilirudi Igogo kwenye harusi ya binti wa jirani yetu wa zamani. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai na wageni wengine, sahani ya pilau mapajani, nikasikia nyuma yangu mlio wa frii ya baiskeli, ule mlio wa gurudumu linalozunguka lenyewe bila kukanyagwa. Niligeuka haraka kuliko inavyompasa mama wa umri wangu. Ilikuwa BMX ndogo, ile baiskeli fupi ya kurukia, imepinduliwa miguu juu, na watoto wawili wanaizungusha kwa kidole. Pilau ikapoa.

Ndivyo nilivyo. Mpaka leo, na mvi hizi, BMX ikipita mbele yangu siwezi kuendelea na nilichokuwa nafanya. Nina ya kwangu nyumbani, na Jumapili asubuhi, watu wakiwa bado wamelala, naipeleka uwanja wa shule nikaruke kidogo. Wanangu wanaona haya. Wewe kaa nikueleze ugonjwa huu niliupata wapi.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, katika nyumba ya vyumba viwili iliyobanwa na mawe makubwa upande wa juu wa Igogo. Baba na mama walikuwa wamekwenda Geita kutafuta dhahabu. Tuliishi watatu: bibi, mimi, na shangazi, mdogo wake baba, aliyekuwa kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Miaka ile viwanda vya samaki vilikuwa vinaota kandokando ya ziwa. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki nyama ikishakatwa. Bibi aliyakaanga polepole mpaka mifupa midogo ikawa ya kutafuna, na harufu yake ilikaa kwenye mapazia, kwenye sare yangu ya shule, hata kwenye Biblia yake.

Ndiyo miaka mitumba ilipoanza kumwagika mjini. Jioni moja shangazi alirudi kazini na mabuti yake meupe, anakokota baiskeli fupi ya rangi ya zambarau iliyopauka. Alikuwa mwanamke mzima, ingawa mfupi na mwepesi.

"Mtu mzima unapanda baisikeri ya mtoto?" bibi akamuuliza. "Magoti si yatakung'oa meno?"

"Mama, hii itanifikisha kazini. Ile ndefu ingenishinda."

Kwenye ekseli ya nyuma kulikuwa na vipande viwili vya bomba vimetokeza, kimoja huku na kimoja kule. Hakuna aliyejua kazi yake. Fundi baiskeli alisema ni vya mtoto kusimamia. Bibi akaamua ni vya kuning'inizia madumu ya maji, na kwa muda ndiyo ikawa kazi yake.

Jibu tulilipata kwenye banda la video. Shangazi alipenda sana mikanda ya ngumi, na Jumamosi mchana alinichukua, wanawake wawili peke yetu kwenye mabenchi yaliyojaa wavulana wanaonuka jasho na karanga. Siku moja mkanda uliisha, watu wakaanza kutoka, lakini kijana wa banda hakuuzima mara moja. Kumbe ule mkanda ulikuwa umerekodiwa juu ya kitu kingine, na mwishoni kipande kidogo kilikuwa kimebaki. Tukaona vijana wa Kizungu na baiskeli kama yetu. Mmoja alisimama juu ya vile vyuma vya nyuma, akazunguka kama pia. Mwingine alikuja mbio akaruka kutoka kwenye ukuta mfupi, akaigeuza baiskeli hewani ili atue akitazama alikotoka. Na hapohapo, akiwa juu, picha ikakatika ikawa chengachenga.

Shangazi alinifinya paja. "Umeviona vile vyuma?"

Halafu, njia nzima ya kurudi nyumbani: "Sasa yule ametuaje?"

Tulirudi Jumamosi baada ya Jumamosi. Kijana wa banda akatuzoea, akawa anatuachia kile kipande wenzetu wakishatoka. Lakini picha ilikatika palepale kila mara, na yule kijana akabaki hewani.

Chini kidogo ya nyumba yetu kulikuwa na mwamba mpana, laini, umelala kwa mteremko kuelekea ziwani. Mwisho wake ulikatika ghafla, kimo cha kiuno, na chini yake kulikuwa na mchanga ulioletwa na mvua. Wanawake wa mtaani waliuanikia dagaa. Asubuhi jua lilipotoka mwamba wote uling'aa kama umemwagiwa sarafu, na sisi watoto tulikimbiza kunguru. Mkubwa wa mwamba alikuwa jirani yetu, mama mmoja Mjita aliyetoka upande wa Musoma, mwenye sauti ya kusikika mpaka kwenye mitumbwi. Shangazi alipokwenda kumwomba nafasi ya kuchezea baiskeli, alisikilizwa vizuri, kisha akajibiwa:

"Jumapili jioni, dagaa wakishaanuliwa. Ukiwahi ukawaharibu, utawaokota mmoja mmoja."

Wiki ya pili tu aliwahi, akawaharibu. Breki zilimshinda, akapita katikati ya dagaa wa watu na kulala juu yao, magamba mpaka kwenye kope. Tuliokota mpaka giza likaingia, jirani amesimama juu yetu, mikono kiunoni, anajitahidi asicheke. Baada ya hapo yeye na wenzake wakawa hawaondoki Jumapili jioni. Walikaa na matenga yao, wakila miwa, wanamsubiri shangazi.

Kusimama juu ya vyuma alikuweza. Kuinua gurudumu la mbele na kutembelea la nyuma alikuweza, na gauni lake la kanisani likiwa limefungwa fundo kiunoni juu ya suruali ya kiwandani. Kilichomshinda ni kule kutua. Alishuka mwamba, akaruka ukingoni, akageuka vizuri kabisa, tena kwa uzuri unaokufanya ushike pumzi. Akigusa mchanga tu, baiskeli inamtupa. Alidhani anageuka kwa kuchelewa. Halafu akadhani anawahi. Kila Jumapili alianguka kwa namna nyingine, akainuka akicheka na mchanga mdomoni.

Jumapili moja hakucheka. Aliangukia mkono, na mlio tuliousikia ulikuwa kama wa kijiti kikavu. Jirani ndiye aliyempakata njiani mpaka hospitali, huku akimgombeza na kumfuta machozi kwa khanga yake mwenyewe.

Walimfunga plasta mpaka karibu na kiwiko. Kiwandani hawakumsubiri, kibarua asiye na mkono wa kushika kisu si kibarua tena, na nafasi yake ilipata mtu kesho yake asubuhi. Bibi hakusema "nilikwambia". Nafikiri ingekuwa nafuu kama angesema. Aliichukua baiskeli, gurudumu la mbele limepinda kama chapati, akaiegemeza nyuma ya jiko na kuifunika gunia. Shangazi akalala akitazama ukuta. Chakula alikirudisha kama kilivyoletwa. Usiku nililala naye kitanda kimoja, na nilijua analia kwa sababu godoro lilikuwa linatikisika kidogo.

Sasa nakuomba umwone bibi yangu. Mwanamke mnene, mwenye miguu inayovimba, aliyeamini kuwa ile baiskeli ni shetani mwenye magurudumu mawili. Asubuhi moja niliamka nikakuta gunia liko chini na baiskeli haipo. Nikatoka mbio mpaka njia ya mawe inayoshuka barabarani. Bibi alikuwa anashuka taratibu, ngata kichwani, na juu ya ngata ile BMX ya zambarau, ameishika kwa mkono mmoja kama mtu anayebeba ndoo.

"Shikamoo bibi," vijana wa kijiweni wakamwamkia. "Mbona huikokoti?"

"Marahaba. Gurudumu limepinda. Litakokoteka vipi?"

Nilimfuata mpaka kwa fundi. Alikaa kwenye kigogo mpaka kila spoku ilipokazwa, akakataa kwenda sokoni kununua nyanya wakati akisubiri, akakataa hata maji ya kunywa. Tuliporudi aliiingiza baiskeli ndani, akaiegemeza kwenye kitanda cha shangazi.

"Mimi nimechoka kusikia mtu analia kwenye nyumba yangu," alisema. "Kama kinacholiliwa ni hiki, hiki hapa. Inuka ule."

Shangazi aliinuka. Alikula mapanki na ugali, wa kwanza kwa siku nyingi, huku bibi amempa mgongo akichochea moto usiohitaji kuchochewa. Baadaye alitaka kuitoa baiskeli uani. Pale ndani palikuwa pembamba, hapageuziki, ikabidi airudishe kinyumenyume kwa ule mkono mzima. Akasimama mlangoni. Akaisogeza mbele, akairudisha tena nyuma, macho chini.

"Njoo uone," akaniita. "Ikirudi nyuma, pedeli nazo zinarudi nyuma. Zenyewe."

Sikuelewa.

"Mimi nikitua natua kinyumenyume. Pedeli zinataka kurudi, miguu yangu inazikatalia. Ndiyo maana inanitupa!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, na bibi akatoka jikoni na mwiko kuangalia kuna nini.

Plasta ilipokatwa, kifundo cha mkono kilikuwa kimeunga vibaya. Mkono haukukunjika vizuri tena, na kuvuta usukani ulikuwa hauwezi. Alijaribu mara moja, akashuka, akanikabidhi baiskeli. Siku hiyo sikuipanda, nilimwonea huruma. Ni yeye aliyekuja kunichukua shuleni kesho yake, ameishika mkononi. "Wewe una mikono miwili," aliniambia. "Twende."

Alinifundisha msimu mzima wa mvua, akitembea pembeni yangu, ule mkono mbovu ameukumbatia kifuani. Tazama unakokwenda, kichwa kitangulie, baiskeli itafuata. Miguu iwe mikarimu. Pedeli zikirudi, nenda nazo. Nilianguka sana. Jirani alinikanda magoti kwa maji ya chumvi yaliyowasha kuliko vidonda vyenyewe.

Jumapili niliyoiweza, dagaa walikuwa wameshaanuliwa na mwamba ulikuwa bado na joto la mchana. Bibi alikaa kizingitini, khanga usoni, hataki kuona. Nilishuka, ukingo ukaja, nikaruka. Nakumbuka niliona ziwa, kisha nikaona nyumba yetu, kisha mchanga ukanipokea, pedeli zikarudi nyuma, na miguu yangu ikaenda nazo. Nikateleza kinyumenyume mpaka nikasimama, nimekaa juu ya baiskeli.

Wale akina mama walipiga vigelegele kama wako harusini. Shangazi hakupiga. Alikuja taratibu, akanishika mabega.

"Kumbe ndivyo alivyotua," akasema.

Kutoka juu, bibi akauliza kwa sauti, khanga bado usoni, "Amevunjika?"

"Hajavunjika, mama!"

"Basi njooni mle."

Mwaka uliofuata shangazi alihamia Musoma, akaanza biashara ya vitenge, akaolewa na kukaa hukohuko. Baiskeli aliniachia. Bibi alifariki nikiwa chuoni. Banda la video likawa duka la dawa, na siku ile ya harusi, nilipotoka chini ya turubai kwenda kuutafuta mwamba, nilikuta umepasuliwa. Wameuchoma kwa moto, wakaugonga kwa nyundo mwaka baada ya mwaka, vipande vikaingia kwenye misingi ya nyumba za watu. Palipokuwa na ukingo pana choo cha nyumba ya wageni. Nilitembea huku na huku na viatu vyangu vya harusi, nikijaribu kukisia niliruka wapi, nisipajue.

Nikampigia shangazi. Nilimwamkia, nikamwambia nilipo, nikamwambia mwamba haupo.

Nilimsikia akivuta kiti, akakaa.

"Sasa wale akina mama," aliuliza, "dagaa wanaanika wapi?"

Nikamwambia nimewaona ufukweni, wanaanika juu ya chanja za nyavu.

"Afadhali," alisema. "Ule mwamba ulikuwa unawaunguza miguu."